Skafu Iliyotoka Kwenye Kioo

Nafundisha historia katika chuo kimoja hapa Korogwe, na wenzangu wananiita mzee wa makorokoro. Sikatai. Filimbi, mikanda, bendera zilizotafunwa na panya, chochote cha skauti wa zamani nakibeba nyumbani, na mke wangu ameshachoka kunigombeza. Niliposikia kwamba nitatunukiwa ngao kwa kuhifadhi urithi wa skauti, aliyefurahi kuliko wote ni yeye, maana makorokoro yote yalihamia chuoni kwa maonyesho.

Kilichonihangaisha ni skafu moja. Ilikuwa ya marehemu mzee mmoja wa Mashewa, aliyekuwa skauti tangu enzi za kambi za mkonge, na mjane wake alinikatalia kila nilipoiomba. Safari hii alilegea kidogo.

"Nakuazima kwa siku hiyo tu, mwanangu. Nitakuja mwenyewe nione unavyoitunza, ndipo tuongee."

Nikainyoosha, nikaiweka kwenye kabati la kioo, nikamwomba Mungu bibi akubali kuniachia moja kwa moja.

Siku ya hafla, vijana wangu wa skauti walisahau skafu ya kumvisha mgeni rasmi. Gari linaingia getini, wao wanahaha. Wakafungua kabati, wakachagua iliyonyooka kuliko zote. Mimi nipo meza kuu, naiona skafu ya bibi ikipita mbele yangu na kutua kwenye shingo nene ya mgeni kutoka Handeni. Nusura nipige kelele, lakini wimbo wa taifa ulikuwa umeshaanza.

Hotuba ikawa ndefu, na joto la Korogwe chini ya turubai halina mheshimiwa. Mgeni anatusihi tuvienzi vitu vya kale, kisha anashika ncha ya skafu na kujifuta jasho. Uso. Shingo. Kipara! Kila alipofuta nilimtazama bibi, aliyeketi mstari wa mbele, mkono mdomoni. Ngao yenyewe niliipokea bila kuiona. Nilikuwa najiambia kwamba skafu ile ndiyo basi tena.

Baada ya hotuba nilimkimbilia mgeni kabla hajapanda gari, nikamwomba skafu, nikampelekea bibi kwa mikono miwili.

"Nisamehe, bibi. Imechafuka."

Akaisogeza puani. Nilidhani analia, kumbe anacheka, na machozi yanamtoka hivyo hivyo.

"Mzee wangu alikuwa akirudi nayo namna hii kila Jumamosi, imelowa jasho. Mimi nafua, yeye analalamika namaliza sabuni. Tangu tumzike, sina cha kumfulia."

Akaikunja, akaitia mkobani, akaondoka nayo. Nilirudi nyumbani na ngao yangu nikiwa mnyonge kabisa. Wiki iliyofuata akanipigia simu: imekauka, niifuate.

Sasa skafu iko chuoni, ila haikai kwenye kioo. Humo nimeweka ngao. Skafu inavaliwa. Kila hafla ikiisha napanda bodaboda kuipeleka Mashewa, naye huinusa kwanza ndipo achukue beseni. Mara moja nilimpelekea ikiwa safi, nimeshaifua mwenyewe, nikidhani nampunguzia kazi. Akainusa, akaigeuza, akainusa tena, kisha akanirudishia.

"Mwalimu, nenda kaivae kwanza."