Gauni la Mama Mkwe na Klasi Isiyokataa

Kwenye karakana moja ya ushonaji, mwandishi wa programu aliitwa Sawa, maana hilo ndilo jibu alilompa kila mtu. Chumba chake kilikuwa nyuma ya meza za kukatia vitambaa, na nyuzi zilijaa hadi kwenye kibodi.

Aliandika kwa PHP, lugha ya kuandikia programu, na alichojivunia zaidi ni klasi ya Mteja, yaani kiolezo kinachobeba taarifa za kila mteja. Vipimo vyote alivifungia ndani, kisha akaweka mlangoni mbinu mbili ambazo lugha yenyewe huziita bila kuombwa. Ukitaka kusoma sifa isiyokuwemo au iliyofungwa, inaitwa __get. Ukitaka kuiandika, inaitwa __set. Zake zilikuwa na adabu kupita kiasi. __set ilipokea jina lolote ikalihifadhi. __get ikikosa kitu ilirudisha utupu, kimya kimya. Sawa alijisifu kwamba programu yake haijawahi kumgombeza mtu.

Mama mkwe wake alipokaribia kustaafu ualimu, alitaka gauni la sherehe. Sawa akampa heshima ya kuwa mteja wa kwanza kwenye ukurasa mpya wa vipimo, alioumaliza asubuhi hiyo mbiombio. Mahali pa kuandika kiuno, alikuwa ameandika kiono. __set ikapokea kiono bila kukunja uso. Ukurasa wa mkataji ukaulizia kiuno, __get ikaleta utupu, naye mkataji, kama kawaida yake akikuta pengo, akafuata kipimo cha kati. Mama mkwe hakuwa mtu wa kipimo cha kati.

Siku ya kujaribu, gauni lilimwingia mabegani likagoma tumboni. Mke wa Sawa alivuta zipu mpaka kucha ikakatika. Sawa aliitwa, akakagua, akaloa jasho. Alieleza kwamba kipimo kipo, ila kimehifadhiwa kwa jina lisilo lake.

"Na mashine haikuuliza hicho kiono ni kitu gani?" mama mkwe akauliza, mikono juu, gauni likiwa limemkaba.

"Haikuuliza, mama. Nimeifundisha ipokee tu."

Mama mkwe akamgeukia binti yake. "Ndiye huyu uliyeniambia hana maneno."

Kwenye sherehe alikwenda na sketi yake ya zamani, akasifiwa sana, jambo lililomuuma Sawa kuliko kulaumiwa.

Jumatatu Sawa alizibadilisha __get na __set zote mbili: jina lisilojulikana likija, programu isimame na kulitaja. Ikasimama mara ileile. Majina mabovu yalikuwa yamejazana humo muda wote, karibu yote ya mkono wake.

Bosi akamfuata, akamwambia kwa upole kwamba ile ya zamani ilikuwa haiwasumbui. Sawa akajaribu kueleza kuwa ile ya zamani ilikuwa inawadanganya. Bosi akamjibu kwamba angalau ilidanganya huku kazi zikienda.

Wiki nzima alisahihisha jina moja moja. Mafundi, wakisubiri, walikunywa chai na kusimuliana jinsi Sawa alivyoharibu mashine nzuri.