Jini la cherehani lilivyotushonesha makubadhi saba ya kushoto hapa Bombolulu

Wakuu, asalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo hamjambo.

Naandika kwa kidole kimoja na miwani yangu ina mkono mmoja, basi mnivumilie. Shule niliishia darasa la tatu. Lakini nitakayoyasema nimeyaona kwa macho haya, sikuongeza chumvi. Labda kidogo tu, pale penye mahamri.

Kwanza niwape ya zamani.

Nilipokuwa mtoto Jomvu Kuu alikuwa akija fundi wa kuziba sufuria. Mtu mwembamba, mguu mmoja yuauburura, begani ana kapu la vyuma. Akikaa uani kwetu, akiwasha moto wake mdogo, akitia lehemu huku akitoa hadithi.

Hadithi yenyewe ni ya mwanamke aliyeokota kisanduku. Kimefungwa, na ndani mna kitu kinapumua.

Hadithi ile aliifanya siku tatu. Sisi watoto tukawa twatoboa sufuria nzima kwa msumari ili kazi isimwishie. Mama akashangaa, sufuria ya juzi imetoboka tena, akasema bati la siku hizi halina baraka.

Bibi yangu yeye alikuwa hapendi. Alisema hadithi za mchana humfanya mtu aote mkia. Nina miaka sabini na kitu sasa, nimejipapasa, sina.

Mwisho wa fundi huyo nitausema chini. Msinikimbize.

Sasa tuje Bombolulu. Mimi ni fundi wa makubadhi, vile viatu vya ngozi. Kibandani tuko watatu.

Kuna Mutua, Mkamba, kijana. Ana miaka arubaini na mbili lakini kwangu ni kijana.

Na kuna Kahindi, Mgiriama, mwenzangu wa miaka mingi, tumezeekea benchi moja. Kahindi macho yote mawili yaliingia mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limezima kabisa, la pili laona ukungu. Akawa yuashona kwa kupapasa, na wallahi mshono wake umenyoka kuliko wangu.

Mlangoni yuko Bi Saumu na meza yake ya mbaazi na mahamri. Yeye si fundi lakini ndiye mkubwa wetu.

Miaka yote mwenye mdomo kibandani nilikuwa mimi. Wao wakipiga nyundo, mimi napiga domo. Nikianza habari ya mbuzi, saa mbili baadaye niko kwenye harusi ya mtu wa Lamu, na mbuzi sijamfikisha. Kahindi alikuwa akinitania, "Wewe hadithi zako ni barabara ya Mariakani, wajua pa kuingilia, pa kutokea hapana."

Siku moja Mutua akaja na spika. Akatuwekea simulizi kutoka kwenye simu.

Msimulizi ana sauti nzito, lafudhi ya bara ya Tanzania, na chini yake muziki wa kusisimua nywele. Hadithi za Inspekta Zangira, mpelelezi wa zile kesi ambazo polisi wenzake wamezikimbia. Majini. Mizimu. Maiti aliyeonekana sokoni yuanunua bamia.

Nilinuna, siwafichi. Nilisema hayo ni mambo ya watoto, watu wazima twafanya kazi. Kahindi akaniambia ninyamaze, amepitwa na jina la marehemu.

Ninyamaze! Mimi!

Siku ya tatu nilikuwa namwambia mteja angoje, Inspekta yuko chini ya uvungu.

Iliyotumaliza ni ile ya cherehani. Nyumba ya kupanga, chumba cha nyuma alikufa fundi cherehani, mwanamke. Cherehani yake ikawa yashona yenyewe, watu wakasema ina jini. Kila ikishona, asubuhi mpangaji mmoja hayupo. Kitanda kipo, viatu vipo, mtu hayupo.

Sasa Inspekta yuatafuta nani alilituma lile jini. Ni mwenye nyumba? Mganga? Mlinzi? Au dada wa marehemu?

Tulikuwa twasikiliza episodi moja kila siku, baada ya swala ya adhuhuri. Watu wa bodaboda wakaanza kuegesha. Mama mmoja akawa yuatoka Ziwa la Ng'ombe na kigoda chake mwenyewe. Bi Saumu alimshuku mganga tangu siku ya kwanza, kwa sababu alikataa chai. Mutua alimkamia mwenye nyumba, lakini Mutua huwakamia wenye nyumba wote.

Siku ile Inspekta alipoingia chumba cha nyuma na taa ikazimika, hakuna aliyepumua. Mikono yafanya kazi peke yake. Episodi ilipokwisha tukaangalia benchi. Makubadhi saba, yote ya mguu wa kushoto.

Mteja aliyeyaagiza, mwalimu wa kike, akaja kuchukua. Akayapanga, akayatazama, akaniuliza ameonekana wapi yuatembea hivyo. Nikamweleza sababu. Akasema haiwezekani. Mutua akairudia ile episodi asikie.

Alikaa mpaka mwisho. Akaondoka bila viatu vyake, amevisahau.

Kisha ikaja episodi Inspekta alipoanguka kisimani na muziki ukakatika. Bi Saumu akalia. Akafunika mbaazi, akasema mtu mwema hafi hivihivi bila kusomewa. Kesho yake akaja na mahamri ya moto sinia zima, tukaketi, tukasoma Fatiha.

Mutua ni mtu wa kanisa, alivua kofia. Lakini alijaribu kutwambia kwamba Inspekta ni mtu wa kutungwa. Bi Saumu akamjibu taratibu, "Fatiha haiozi, mwanangu. Itamfikia anayeistahiki. Kula."

Mchana wake Inspekta akatoka kisimani mzima. Hapo sasa nani wa kumwambia Bi Saumu kitu? Mpaka leo yuasema ni yeye aliyemtoa.

Nimewaambia ya furaha, sasa niwaambie iliyonikosesha usingizi.

Hospitali walikuwa wamempa Kahindi siku ya kupasuliwa lile jicho lenye ukungu, Jumanne. Daktari alisema likiachwa nalo litazima. Kahindi alikubali, maana alihesabu episodi ya mwisho itatoka Ijumaa kabla yake.

Ijumaa haikutoka. Jumamosi haikutoka. Mutua akaingia kwenye komenti, akakuta watu wanalia kama sisi, na msimulizi kimya. Hakuna sababu, hakuna salamu.

Jumapili akaja Sidi, binti yake Kahindi, macho mekundu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu."

Akasema baba amekataa kwenda hospitali. Nikamuuliza kwa nini. Akatazama chini, aona haya kulitamka. Baba yuasema akifia pale mezani atakuwa hajajua nani alilituma jini.

Wakuu, msicheke. Najua mwacheka.

Mimi nilielewa. Kahindi alikuwa yuaogopa kisu, na mwanamume wa umri wetu hawezi kusema yuaogopa kisu. Lakini tena alikuwa yuasema kweli. Alitaka kujua.

Jumatatu akaja kazini kama kawaida, akashika shazia yake, ile sindano nene ya kushonea ngozi. Nikajaribu kumsemesha habari ya macho. Akaniinulia mkono.

"Basi malizia wewe," akasema. "Si una mdomo? Malizia. Lakini uimalize."

Tangu nizaliwe sijamaliza hadithi.

Nikaanza na mlinzi, kwamba ndiye. Kahindi akasema hapana, mlinzi siku ya kwanza alikuwa Tanga kwenye msiba, episodi ya nne. Nikahamia kwa mganga, Bi Saumu akafurahi. Kahindi akasema mganga alikuwa yuaogopa jini lile kuliko wapangaji, mtu haogopi aliyemtuma mwenyewe. Nikajaribu dada wa marehemu, nikapotea kidogo, nikajikuta nahadithia nyama ya ngamia. Mutua akanigusa goti.

Nikatazama mikono ya Kahindi. Yapapasa ngozi, yatafuta tundu lilipo, yapitisha uzi.

Nikasema, hakuna aliyelituma.

Kahindi akasimamisha shazia.

Nikasema, yule fundi alikufa na nguo mashineni. Nguo ya harusi ya mtu. Imebaki upindo tu. Cherehani ikawa yaamka kutafuta wa kuumaliza. Wapangaji hawakuliwa, walikimbia, kila mmoja akaona aibu kurudi kuchukua viatu. Inspekta akaketi, hajui kushona maishani mwake, akaumaliza upindo ule kwa mkono, umepinda vibaya. Akafunga fundo, akakata uzi kwa meno. Cherehani ikanyamaza. Inspekta akanywa chai, akalala kwenye kile chumba mpaka asubuhi.

Basi. Nikanyamaza. Na mimi mwenyewe nilishangaa kuwa nimenyamaza.

Kahindi akafikiri sana. Akapitia episodi zote kichwani, nilimwona midomo ikitembea. Mwisho akasema viatu vimeingia. Viatu vilikuwa vinamsumbua tangu mwanzo.

"Jicho lenyewe wanipasua saa ngapi kesho?" akamuuliza Mutua.

Alhamdulillahi, lilikwenda vizuri. Baada ya wiki mbili akaja bila bandeji.

Kwanza aliitazama spika. Akaigeuza. Akauliza ile sauti yote yatoka kwenye kopo hili la maziwa. Kisha akanitazama mimi, akanitazama sana, akasema, "Kumbe umezeeka hivi, na hukuniambia." Kisha akayaona makubadhi saba ya kushoto tumeyatundika ukutani, akacheka mpaka Bi Saumu akamwambia jicho litafumuka.

Mwezi haujaisha, msimulizi akarudi. Alikuwa mgonjwa, masikini. Episodi ya mwisho hiyo hapo. Tukajaa, hata mwalimu wa makubadhi alikuja.

Alikuwa mwenye nyumba. Mutua alipanda juu ya benchi. Halafu Inspekta Zangira akafunga faili, akashika barabara, akaondoka, hakuonekana tena. Muziki.

Tukamgeukia Kahindi.

"Zima," akasema. "Huyo hakuwako. Sisi ndio tulikuwako."

Akachukua shazia akaendelea na kazi.

Funzo nililolipata ni moja, wakuu. Ukimtoa mtu kwao kwa hadithi, mrudishe. Hata kama mwisho umepinda kama upindo wa Inspekta. Mtu hujui amefunga nini kwenye mwisho ule, pengine amefunga jicho lake.

Nawe unayesikiliza simulizi za kutisha, usione haya. Sema hapa chini wewe huzisikiliza wapi, na zimekuharibia kazi gani.

Na mtu wa Jomvu Kuu, wa umri wangu, kama yupo, nina swali lake. Yule fundi wa sufuria, kwenu aliimaliza ile hadithi? Siku ya tatu alifikisha pale mwanamke ameshika kile kisanduku, kinapumua, ufunguo umeingia, ameuzungusha. Sisi tumekaa, midomo wazi.

Akaitazama sufuria juani, haina tundu. Akampa mama. Akazima moto kwa maji, akapanga vyuma kapuni, akashika njia ya msikitini na mguu wake ule.

Tulitoboa sufuria zote za nyumba. Hakurudi.