Mjomba Niliyemlilia Bombay

Shule niliishia darasa la pili, na sioni haya kulisema. Nyumba ninayokaa, ya matofali ya kuchoma na bati, nimeijenga mwenyewe bila kumpigia mtu magoti. Anayetaka maneno matamu atafute kwingine. Mimi naeleza namna nilivyokosa kumzika mama yangu, nikiwa hai, nikiwa na afya, na meli nikiwa nimeahidiwa.

Nilikuwa nafanya kazi Kilosa mjini, kwenye duka la vitambaa la Mhindi mmoja. Nilianza kwa kufagia na kubeba majora, baadaye nikawa nakata vitambaa mwenyewe. Juu ya duka alikaa baba wa huyo tajiri wangu, mzee aliyepooza miguu. Kumnyanyua yule mzee ilikuwa kazi yangu. Walijaribu wengine, akawatukana wakaacha. Mimi pia alinitukana, ila sikuacha.

Mzee alizaliwa Kilosa hapo hapo, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni.

"Taratibu, punda wee! Mimi si robota la katani."

"Robota halipigi kelele, mzee."

Anacheka mpaka anakohoa.

Uhuru ulitukuta hivyo, na Azimio likatukuta hivyo. Nyumba za kupangisha zilipotaifishwa, jengo la tajiri nalo likaenda. Akaona basi, ahamie Bombay kwa ndugu za mkewe. Mdogo wake akabaki Kilosa na kiduka. Mzee akasema bila mimi haendi. "Huko nani ataninyanyua? Watu wa huko mimi siwajui."

Mama yangu alikaa Mikumi, upande wa milimani, na mtoto alikuwa na mimi tu. Tajiri akapanda treni pamoja nami kwenda kumwomba. Mama hakuuliza mshahara. Alisema, "Mimi nimezaa mmoja. Nikifa, anifukie yeye. Udongo wa kwanza uwe wa mkono wake."

"Haki ya Mungu, mama," tajiri akaapa. "Likitokea la kutokea, atapanda meli ya kwanza."

Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyeitikia. Kwetu ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye mtoto. Alichokikubali yeye kimekubaliwa.

Bombay niliizoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Tulikaa ghorofani, vyumba viwili, ukoo mzima. Bomba lilitoa maji alfajiri tu, na kwenye foleni ya ndoo usipokuwa na kiwiko kigumu huogi. Treni zao watu wananing'inia nje kama popo. Nilizoea kuilaumu treni ya kwetu, nikaiomba radhi kimoyomoyo. Ng'ombe analala katikati ya barabara, magari yanamzunguka, hakuna wa kumchapa fimbo. Mvua zikianza mtaa unageuka mto, unashika viatu mkononi, na chini hujui unakanyaga nini. Watoto walinifuata wakiimba, "Habshi! Habshi!" ndivyo wanavyomwita mtu mweusi. Siku moja nikawageukia, nikawaimbia, "Wahindi! Wahindi!" Wakacheka sana, na tangu hapo tukawa watani.

Nyumba ile haikula nyama. Nilipobanwa na hamu nilitembea mpaka mtaa wa Waislamu, nikala, nikasukutua mdomo kabla ya kurudi. Kilichonipa moyo ni maneno. Chai yao ni chai. Dawa ni dawa. Sabuni, rangi, dunia, habari, yote nayasikia mitaani. Kila neno nililolitambua lilikuwa kama jirani wa Kilosa niliyemkuta stesheni. Nikajitapa kwa mzee, "Lugha yenu hii ni Kiswahili kilichovaa nguo nyingine."

"Endelea kujidanganya, punda."

Yeye Bombay ilimshinda kuliko mimi. Kila nilipomgeuza kitandani aliniuliza, "Saa hizi Kilosa wanakula nini?"

"Ugali na mlenda."

Anameza mate. Halafu, "Hapa wananipikia uji wa mchele kama mgonjwa."

"Kwani si mgonjwa?"

"Mgonjwa, ndiyo. Lakini mgonjwa wa Kilosa."

Mwaka wa pili, mvua zilipokatika, alikuja mgeni. Alikuwa ndugu yao, mzaliwa wa huko huko India, aliyekwenda Kilosa kumtembelea yule mdogo wa tajiri, akarudi na meli. Kiswahili hakujua hata cha kuombea maji. Akazungumza na tajiri kwa Kigujarati, na nikaona wote wawili wananitazama.

Tajiri akaniita, akanivutia kiti. Hajawahi kunivutia kiti. Nikajua pana jambo.

"Pole sana," akasema. "Mgeni amekuja na salamu za msiba. Mjomba wako amefariki."

Kiswahili cha tajiri kilikuwa safi, hata karani wa wilaya alikuwa akikisifia. Alisema mjomba, na mimi nikasikia mjomba.

Nililia palepale kwenye kiti. Mzee akaita nimbebe, nikambeba huku nalia, akakaa karibu nami. "Yule aliyekuwa anakuja dukani anashika kila kitambaa halafu hanunui?"

"Ndiye."

"Mbishi yule." Akanishika bega. "Mungu ampumzishe."

Nikamwuliza tajiri kama naweza kwenda. Alifikiri kweli kweli, sitamsingizia. Akasema, "Kiapo chetu ni cha mama yako. Lakini ukitaka meli yako sasa, nitakupa. Ya pili sitaiweza."

Nikapima. Mjomba ni mkubwa, lakini keshazikwa. Mama bado yupo, na ameomba kitu kimoja. Meli yangu ni moja. Nisiitumie kwa mjomba halafu mama nimkose. Nikamwambia tajiri, "Niwekee. Ni ya mama."

Nikaenda kwa kinyozi wa kando ya barabara, nikanyoa kichwa chote kama tunavyofanya kwetu kwenye msiba.

Mwaka uliofuata mzee naye alikufa. Nilimnyanyua mara ya mwisho, alikuwa mwepesi kama jora lililobaki kipande. Tajiri aliwasha moto wa baba yake kwa mkono wake mwenyewe, na mimi nikitazama nikajisemea, na mimi zamu yangu ikifika nitafanya hivi kwa mama. Nilisema hivyo kwa majivuno kabisa.

Kazi ikawa imekwisha, tajiri akanipandisha meli. Mama nilimchukulia kitambaa cha kijani.

Kilosa sikupita dukani, nilikuwa na haraka ya mama; kwetu Mikumi nilikuta mahame. Nyumba zimeezuliwa, mgomba umeota jikoni kwa mama. Mchunga mbuzi mmoja akaniambia watu wote wamehamishiwa kijiji cha ujamaa, huko chini karibu na barabara. Nikashuka. Nyumba zimepangwa mstari kama askari, sijui ya nani ni ipi. Na mlangoni mwa nyumba ya kwanza, anachonga mpini wa jembe, mjomba wangu.

Nilipiga kelele. Nilimwangukia, nikamshika uso, nikacheka kama kichaa. "Mjomba! Wamesema umekufa! Nimekulilia, nimekunyolea nywele!"

Yeye hakucheka. Alishika ule mpini akaniangalia.

"Nani kasema nimekufa?"

"Shikamoo, mjomba. Si walituma habari? Mama yuko wapi? Nimemletea kitambaa."

Wanawake waliokuwa wanatwanga wakaacha kutwanga. Mmoja akasema, hata sauti hakupunguza, "Ndiye huyo mwana wa Bombay. Kaja kwenye harusi."

Mjomba akasema, "Mama yako tulituma salamu za msiba wake mwaka jana. Kwa Mhindi, kwenye kiduka Kilosa. Akasema zitafika. Tukakungoja mpaka maiti haikungojeka tena."

Kijiji kilikuwa kipya, hakikuwa na makaburi. Mama ndiye aliyeyafungua. Mjomba akanipeleka.

"Udongo wa kwanza?" nikamwuliza.

"Nilitupa mara mbili. Mmoja wangu, mmoja wako."

Kesho yake nilirudi Kilosa kwa treni, na nilikwenda kupigana, nasema wazi. Yule mdogo wa tajiri aliniona mlangoni akaja kunikumbatia. Nikamkaba shati. "Ulituma habari gani?"

"Nilituma kwamba mama yako amefariki! Yule ndugu yetu nilimwambia kwa Kigujarati, nikarudia, mwambie kaka, yule kijana, mama yake..."

Nikamwona anabadilika uso.

"Nilisema mama," akasema. "Nilisema hivyo hivyo, mama, kama tunavyosema hapa. Mimi nimezaliwa Kilosa, mama zenu nawaita mama tangu utotoni, neno nimelizoea mpaka silisikii tena kuwa ni la Kiswahili." Akajipiga kipaji cha uso. "Kwa Kigujarati mama ni mjomba. Yule hajui Kiswahili. Amesikia mjomba."

Nikamwachia shati. Ningempiga nani? Yeye alisema kweli, mgeni alifikisha neno kama alivyopewa, na tajiri alilitafsiri sawasawa. Wote watu wazuri. Na meli yangu ikakaa mwaka mzima inamngoja mama ambaye keshaoza.

Nilirudi Mikumi. Mjomba alikuwa ameweka kigoda nje, na wembe, na bakuli la maji. Hakuniuliza Kilosa wamesema nini. Wale wanawake walikuwa wanatazama.

"Nywele zimeota," akasema.

"Zile zilikuwa zako, mjomba."

"Najua. Kaa. Sasa tunyoe za mama yako."

Nikakaa. Akanishika kichwa kwa mkono uliokuwa umetupa udongo kwa ajili yangu, akakiinamisha.