Ukuta Aliokataa Kuupaka Fundi Tajudini

Fundi Tajudini wa mtaa wa Buyenzi hupaka rangi nyumba za watu akiwa amevaa shati jeupe. Si kwamba hana nguo nyingine; ni kiburi tu, na mwenyewe hakikatai. Ana miaka thelathini na moja ya brashi, na shati huingia kazini jeupe likatoka jeupe. Mafundi wenzake wanasema ana jini. Hana jini wala nusu ya jini. Ana macho, na macho hayo yamekuwa yakitazama rangi ikidondoka tangu ujana.

Anajua kwamba tone likianguka wima sakafuni hutua duara. Likirushwa, hupiga ukuta kwa ubavu na kuvuta mkia, na mkia huonyesha lilikokuwa likienda. Brashi iliyolowa ukiinyanyua kwa hasira, huchora mstari wa matone mpaka darini. Haya hakuyasomea. Alifokewa na wenye nyumba mpaka yakamkaa kichwani.

Mwezi wa sita aliitwa mtaa wa Kanyosha, nyumbani kwa marehemu Jérémie, mwalimu mstaafu. Landry, mwanawe, alitaka nyumba ipakwe kabla ya levée de deuil, siku ambayo ndugu wote hukusanyika kuvua msiba. Jinsi mzee alivyokufa, mji mzima ulijua, na Tajudini pia alijua: Dévote, mama mtu mzima aliyempikia miaka tisa, alimponda kichwa jikoni kwa mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo. Jirani yao, Mama Irène, alisikia kwa masikio yake: pu, pu, pu. Dévote alikuwa gerezani mwezi wa tatu sasa, na hukumu ilikuwa wiki ijayo.

Sakafu ya jikoni ilikuwa imesuguliwa siku ile ile ya kifo, kabla polisi hawajafika. Ni wema wa majirani. Wageni wa msiba wanakuja, utawakaribisha kwenye damu? Ukuta peke yake haukuguswa, maana ilijulikana kwamba siku moja utapakwa.

Tajudini alichuchumaa akwangue ukuta, akabaki amechuchumaa. Chini ya usawa wa goti kulijaa vitone vyeusi vilivyokauka, vidogo vidogo, mikia yote ikitazama juu. Juu ya goti hapakuwa na kitu. Akapanda kwenye kiti akakagua dari. Aliona masizi na utando wa buibui, tone hakuona.

"Fundi, unangoja nini?" Landry akauliza.

"Huu mi sipake."

"Muzee, maji yakimwagika hayazoleki. Paka."

"Hayazoleki, lakini yanaonyesha yalikotoka. Mutu akipigwa mara tatu, muchi unalowa, na ukinyanyuliwa tena unarusha damu juu. Hapa hakuna kitu juu. Hii damu iliruka kutoka chini, kama dimbwi mutu akiangukia ndani."

Landry alimfukuza. Tajudini akafunga ndoo zake, akaenda moja kwa moja kwa Gaspard, polisi aliyepeleleza kesi ile.

"We ni fundi rangi ao daktari?" Gaspard akamuuliza.

"Fundi rangi, Shefu. Kuja uone, kisha unifunge ukitaka."

Gaspard alikuja, nadhani kwa hiyo ruhusa ya kumfunga. Nyuma ya nyumba, majirani wakiwa wamejaa, Tajudini alichanganya rangi nyekundu na maji mpaka ikawa nzito kama damu. Akachovya mchi, akaunyanyua kwa nguvu mara tatu. Mstari wa matone ukapanda ukutani hadi kwenye bati, mwingine ukapita juu ya kofia ya Gaspard. Kisha akamwaga rangi chini, karibu na ukuta, akaiangushia gunia la mchanga. Vitone vikaruka vikatua chini ya goti, mikia juu. Shati lilikuwa limekwisha. Watoto walicheka, yeye hakucheka.

Gaspard aliifuta kofia, akaingia jikoni, akatoka. Akamwuliza Mama Irène sombe hutwangwa kwa sauti gani.

"Pu, pu, pu," akasema Mama Irène. Kisha akatafuta mahali pa kukaa.

Baada ya wiki tatu Dévote aliachiliwa, na Buyenzi nzima ikamwita Tajudini profesa. Siku alipokuja kumsalimu, Tajudini alimkaribisha chai, akamweleza yote: mkia, goti, dari, dimbwi. Alieleza kwa raha, nisifiche. Dévote alisikiliza mpaka mwisho, kikombe mkononi.

"Mwalimu aliteleza, akagonga kichwa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni," akasema. "Akajaribu kusimama, akaanguka tena mu damu yake. Ndivyo nilimuambia Shefu siku ya kwanza. Akaandika, mi nikasaini. Muzee, asante sana. Lakini ukuta ulisema mara moja wakaamini. Mi nilisema miezi mitatu."

Tajudini akamwongezea chai ambayo haikuwa imepungua. Aliona haya, haya ya kweli, kwa sababu asubuhi ile alipoingia Kanyosha na ndoo zake, alikuwa anakwenda kufunika damu aliyoamini imemwagwa na Dévote, na wala hakuwahi kujiuliza kama huyo mama alikuwa na la kusema.