Injini Isiyopita Barieri

Nilitoka Uvira kwa sababu ya injini ambayo haipo. Dada Furaha, binti wa mama yangu mkubwa, alikuwa na nyumba ya video kule Kamanyola, na humo alionyesha kaseti za filamu ya mfululizo, kwa Kifaransa, kuhusu chombo kinachosafiri kati ya nyota. Mfasiri wake, aliyekuwa akisimama kando ya televisheni kueleza kila jambo kwa Kiswahili, alivuka kwenda Burundi vita viliporudi. Furaha akanitumia neno kupitia dereva wa lori: "Weye njo ulisoma fizikia. Batu bananiuliza ile chombo inatembea namna gani, na miye sijue. Ukuye Jumamosi mbele ya saa nane. Ukikosa, nafunga mulango."

Nilikuwa na lisansi, yaani shahada, ya fizikia na miaka miwili bila kazi. Kwa wiki nzima nilitazama nakala za kaseti hizo kwa jirani na kujaza daftari. Injini hukutanisha maada na kinyume chake, vinateketezana, na nguvu inayotoka hukunja anga mbele ya chombo. Niliandika pia kwamba kila injini ilipozimika, fundi aliomba saa tatu, kapiteni akampa dakika tano, na ikawaka. Sheria hiyo sikufundishwa chuoni.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, pale Kavimvira, kaskazini mwa Uvira, nilipanda lori lililobeba ndagala, dagaa wakavu. Nilikaa juu ya magunia karibu na Mama Sifa, mwuza vitenge. Niliwaza kama kushika daftari mkononi kunanifanya nionekane mpelelezi, nikalificha chini ya shati, kisha nikawaza kwamba mpelelezi ndiye hasa hufanya hivyo, nikalitoa.

"Unaumwa tumbo?" akauliza Mama Sifa.

"Hapana, mama. Nafikiri tu."

"Njo hiyo hiyo."

Tulipita Kiliba, ambako miwa ilikuwa imegeuka pori, kisha Sange.

Baada ya Sange tulikuta barieri: kamba imefungwa kukatisha barabara. Askari wa upande gani, sikuuliza. Swali hilo lina majibu mabaya mengi. Mkubwa wao, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, alichukua daftari langu na kufungua kwenye mchoro.

"Hii njo plani ya nini?"

"Ya injini, chef. Chombo cha kwenda ku nyota. Haiko kweli, iko mu televisheni."

"Kama haiko kweli, juu ya nini umeandika vipimo?"

Baba yangu alishaniuliza karibu hilo hilo kuhusu masomo yangu yote. Nilianza kueleza kwamba chombo hakikimbii, bali anga ndiyo inayojikunja. Nilifika kwenye mwendo wa nuru, chef akapiga mwayo. Mama Sifa akachoka. Akashika kitenge kwa ncha zake mbili.

"Chef, angalia. Huku Uvira, huku Kamanyola." Akazikutanisha ncha. "Batu benye akili banafanya hivi, banafika. Njo hivyo, profesa?"

Njo hivyo. Mwalimu wangu alitumia muhula mzima kueleza hilo.

Chef alitazama kitambaa kilichoning'inia chini ya mikono ya Mama Sifa. "Na hapa katikati iko nini?"

"Njia yote yenye imebaki," nikasema.

"Na barieri yangu?"

Mama Sifa akasema polepole, "Iko mule ndani mu kitenge, chef."

"Basi hii haiko injini. Hii ni frode!"

Askari wake walicheka, yeye hakucheka. Kukwepa barieri ni magendo, alisema, na mwenye plani ya magendo atashuka. Nilishuka. Dereva aliwasha lori. Ilikuwa saa nne, na nikauona waziwazi mlango wa Furaha ukifungwa.

"Chef," nikasema, "mbele ya kukunja anga, kapiteni anaombaka ruhusa."

"Kwa nani?"

"Kwa chef wa ile sehemu."

"Na karatasi?"

"Anaonyesha karatasi."

Katika kaseti zote kapiteni hajawahi kuomba ruhusa kwa mtu. Nilidanganya kuhusu kitu kisichokuwepo, na mpaka leo sijaamua kama huo ni uongo. Chef aliridhika. Akachana ukurasa wa mchoro, akautia mfukoni, akanirudishia daftari, akaamuru nipande na kamba ishushwe.

Saa nane kasoro dakika chache nilifika Kamanyola. Furaha alikuwa mlangoni, mkono kiunoni. "Unanuka ndagala. Ingia." Ndani walijaa wakulima wa bondeni. Nikaanza na maada na kinyume chake.

"Profesa, weka masomo chini!" mzee mmoja akapaza sauti. "Inatembea?"

"Inatembea, baba."

"Basi tuangalie!"

Ndipo mama mmoja wa mbele, ambaye Furaha aliniambia baadaye kuwa alikimbia nyumba yake mara mbili, akauliza bila kucheka, "Inabeba batu bangapi?"

Daftarini nilikuwa na joto la injini, nilikuwa na mwendo wake. Hilo sikuwa nalo.

"Sikuandika, mama."

"Andika basi."

Nikatafsiri huku nikihesabu watu wa chomboni. Injini ikafa, ikafufuka, watu wakapiga makofi. Mama yule hakupiga. "Ile koridoo yote, hakuna mutu," alisema akitoka. "Bangelibeba bengine."

Furaha alinivuta kando. "Kazi iko yako. Lakini umutafutie ule mama jibu. Akirudi kuangalia, bote banarudi."

Jumapili asubuhi nilirudi Uvira kuchukua nguo zangu. Barabarani watu walikuwa wakitembea na magodoro kichwani, na lori nililopanda likapakia waliotoshea, likaacha wengine. Nilifungua daftari nimwandikie yule mama jibu. Katika chumba cha kapiteni, chenye kitanda kimoja, niliweka watu tisa. Katika koridoo niliweka mia mbili, wakikaa chini. Nilichojifunza ni hiki: mafundi wa chombo kile walipambana miaka yote na upungufu wa nguvu, kumbe walichopungukiwa ni mtu wa kuwaambia kwamba chombo ni kitupu.