Mayai ya Kichocho Pale Mtambile

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Maabara alinikabidhi darubini na katoni ya vikopo vya mkojo, akasema, "Bi Salma, kazi yako kuhesabu mayai." Nikadhani mzaha. Kumbe ni mayai ya mnyoo wa kichocho. Ukiuchuja mkojo wa mgonjwa utayaona kwenye kichungi, kila moja lina mwiba mmoja nchani. La kwanza kuliona lilinirusha kitini!

Baadaye nikahamishiwa kijiji cha Mtambile, na huko tukakwama. Vikopo tulivyogawa vilirudi vitupu. Bi Mwanakombo, mama wa watoto wanne, alinisimamisha mlangoni.

"Mwanangu, kila mwaka mwachukua mikojo yetu. Majibu yako wapi? Hamadi wangu angali akojoa damu."

Nikamwendea Mkuu wa Utafiti.

"Majibu yamo kwenye ripoti," akanijibu.

"Basi niruhusu niwapelekee darubini wajionee."

Akanisogezea sanduku lake. "Ikivunjika, utafiti umekwisha."

Nilirudi nayo Mtambile nimeipakata. Nikaiweka juu ya dawati la skuli, nikageuza kioo chake kipate jua, nikauchuja mkojo wa Hamadi kwa ridhaa ya mama yake. Bi Mwanakombo akainama, akafumba jicho moja.

"Yana miba!" akapiga ukelele. "Ndiyo yamchanayo mwanangu!"

Wanawake wakasukumana kutaka kuona. Nikawaeleza kwamba mnyoo huyu hukulia kwanza ndani ya konokono wa maji baridi, nasi tumekuwa tukiwatafuta mtoni tusiwapate.

"Mtoni?" Bi Mwanakombo akashangaa. "Watoto waogea ziwani, nyuma ya mikarafuu. Hamkutuuliza!"

Tulikwenda saa ile ile, yeye mbele, kanga kaipandisha magotini. Konokono walikuwa wamejaa chini ya majani ya mayungiyungi! Nikawaokota kwa koleo.

Mkuu alipopata habari alisema maneno mawili tu: "Ramani upya." Ziwa likatiwa kwenye ramani yetu ya konokono, likamwagiwa dawa ya kuwaua, watoto wakapewa vidonge, na Bi Mwanakombo akaajiriwa kutuongoza. Mkojo wa Hamadi ukarudi rangi yake.

Sasa nimestaafu. Utafiti niliujua kwa vitabu, lakini niliuelewa pale wenye maradhi walipoutia mkono. Wiki iliyopita daktari kijana alinipigia simu. Ametazama vikopo vya skuli nzima ya Mtambile, hakuona yai hata moja. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni, mpaka mkaza mwanangu akaja mbio kuuliza nani kajifungua.