Mbwa Mweupe wa Bwana Miwani

Baba yake Jilala alikwenda Bagamoyo mara nne na jino la ndovu begani. Jilala mwenyewe akaishia kuchana mbwa, na watu wa Ipuli walimtania mpaka wakachoka.

Lakini huyo hakuwa mbwa koko. Mwenye mbwa, Mzungu aliyemwajiri Jilala na aliyeitwa Bwana Miwani, alimweleza kila mgeni asili yake: Waingereza wa zamani walimchanganya mbwa mnene wa kupambana na mafahali na mbwa mwepesi wa kukamata panya, akatoka mpiganaji; kisha mfanyabiashara mmoja akausafisha ukoo mpaka ukawa mweupe mtupu. Kichwa kama yai, hakina kibonde kati ya paji na pua. Macho madogo ya pembe tatu, yamezama. Kifua kipana, miguu mifupi, imeshiba. Jilala hakuwahi kuona mbwa mwenye sura mbaya kama Duki, na alimpenda kupita kiasi.

Duki alikuwa kiziwi. Baadhi ya weupe wa ukoo ule huzaliwa hivyo, na Bwana alikwisha kusema, huku akinywa chai, kwamba kiziwi hupigwa risasi asije akazaa wenzake. Jilala aligundua siku sufuria ilipoanguka na mbwa asishtuke. Tangu hapo, Bwana akiita, Jilala alikanyaga mbao za baraza kwa kisigino. Duki akihisi mtikisiko, anageuka. Uongo huo ulikwenda miaka miwili.

Mwaka 1948 Bwana akahamishiwa Urambo, kwenye mashamba ya karanga. Nyumba mpya ilikuwa ya saruji chini.

"Baba Marko, mwambie kabla hajajionea," alisema Eustadia, mke wa Jilala.

"Nikimwambia, nimemuua mbwa."

"Na usipomwambia?"

Jilala akachukua kitana, akatoka kwenda kumchana Duki.

Siku ya pili wakaja wageni. Bwana akaita. Jilala akakanyaga, akakanyaga tena mpaka kisigino kikamuuma. Saruji haikutikisika. Duki alikuwa akitazama kuku uani. Bwana akaenda akapiga makofi nyuma ya masikio yale yaliyosimama wima, mbwa asigeuke. Akautazama mguu wa Jilala, akaelewa yote.

"Wewe najua siku mingi."

"Ndiyo, bwana."

"Peleka nyuma ya nyumba. Shika yeye."

Baadaye watu walimlaumu kwamba angekataa. Wao hawakumjua Duki. Kama angeshikwa na mtu mwingine, mbwa angehangaika na kuogopa bure. Basi Jilala akapiga magoti mbele yake, akakishika kichwa kile kwa mikono miwili ili mbwa amtazame yeye tu. Duki akatikisa mkia. Bunduki ikakokiwa hatua tatu nyuma yake, asisikie. Jilala alisikia, na akaendelea kumchekea mbwa mpaka mwisho.